Niliungama Dhambi ya Mwenzangu

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa pili, hapa Hyattsville, Maryland, theluji imegandamana pembezoni mwa barabara na kuwa nyeusi kwa moshi wa magari, niliposimama mbele za watu nikaungama dhambi isiyokuwa yangu. Mwanangu Neema, kaa hapo. Vua koti. Hayo maji niliyobandika jikoni si ya chai, utajua ni ya nini nikimaliza. Kesho wazee watakuwekea mikono wakutume Baltimore ukaanzishe ushirika, na mimi sikubali uondoke bila kulisikia hili kutoka kinywani mwangu mwenyewe. Mama yako ameniruhusu. Amesema, "Mwambie yote, Perusi, wala usijipambe."

Najua utanijibu kwa Kiingereza. Jibu utakavyo, masikio yangu yameshazoea. Ila kwanza sikiliza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na moto kichwani. Nasema kichwani kwa sababu moyoni ulikuwa bado haujafika. Mimi na mama yako, Raheli, sote tulitoka Musoma, tumelelewa katika kanisa la Kimennonite, na hapa tulipanga apatimenti moja ya chumba kimoja. Mwezi huu yeye analala chumbani na mimi kwenye godoro sebuleni, mwezi ujao tunabadilishana. Kazi yetu ilikuwa moja, kutunza wazee wa Kimarekani: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwageuza kitandani. Kazi ya kuvunja mgongo hiyo. Jumamosi tulipanda basi kwenda Silver Spring kununua unga wa ugali na dagaa, na kurudi tulicheka mpaka abiria wakatugeukia. Watu walituita mapacha.

Jumapili alasiri tulikutana kuabudu, Watanzania, Wakenya na familia mbili za Wakongo, kama watu thelathini, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Wamennonite wa hapahapa. Hebu fikiria mambo ya Mungu: watu ambao wazee wao walivuka bahari kuja kuhubiri kwetu Mara, ndio sasa wanatuazima ukumbi na sufuria ya kuchemshia chai.

Sisi tulikuwa tumekulia habari za uamsho. Nyumbani kila mtoto wa Kimennonite alisimuliwa jinsi, enzi za wamisionari wa kwanza, Roho alivyowashukia watu, wakasimama kanisani wakaungama wizi, chuki na uganga. Hata wamisionari wenyewe walilia, wakakiri kwamba waliwadharau watu walewale waliokuja kuwahubiria. Walioamka hivyo walitoka kwa miguu, kijiji hadi kijiji, wakaipeleka Injili bila kungoja kutumwa na mzungu yeyote. Mimi niliutaka moto ule Maryland. Niliutaka kwelikweli, na kuutaka hakukuwa kosa. Nilimsumbua mchungaji mpaka akakubali tufanye juma la uamsho, na akaniahidi kwamba Pasaka ikipita nitawekewa mikono niende kuanzisha ushirika Silver Spring. Basi nikajiona mmisionari tayari. Hata mwendo nilibadilisha.

Juma lenyewe likawa baridi kuliko theluji ya nje. Jumatatu walikuja watu saba, Jumatano watano. Huyu anaungama kwamba huchelewa ibada, yule kwamba alimkasirikia dereva wa basi. Nikarudi nyumbani nimenuna kila siku. Jumapili ya kufunga ukumbi ulijaa, kwa sababu ilitangazwa kutakuwa na pilau. Usicheke. Utayaona hayohayo huko Baltimore.

Sasa, kulikuwa na jambo mama yako aliloniambia mwezi mmoja kabla. Alikuwa anasonga ugali. Ghafla akazima jiko, akakaa chini sakafuni na mwiko mkononi. Akaniambia ana mtoto wa miaka minne, yuko kwa bibi yake Musoma, alimzaa nje ya ndoa, na baba wa mtoto akamkana. Mtoto huyo, mwanangu, ni wewe. Wakati ule mama yako alikuwa amechumbiwa na Kimani, Mkenya wa Nakuru, kijana mpole wa ushirika wetu, na alikuwa hajapata ujasiri wa kumweleza. "Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Nipe muda tu nipate maneno." Nikamwapia kwamba halitatoka kinywani mwangu. Halafu kila wiki nikamsukuma. Kila nikipita jikoni, "Raheli, mficha maradhi kilio kitamuumbua." Methali nzuri, lakini mimi niliitumia kumchokonoa mwenzangu kama mtu anayechokonoa kidonda.

Basi Jumapili ile nikasimama. "Bwana asifiwe!" "Amina," wakaitikia kivivu. Nikaungama kwamba nina kiburi. Nikaungama kwamba napenda kusifiwa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akapiga miayo, nilimwona kwa macho yangu. Nikahisi juma lote linaniponyoka, na Silver Spring pamoja nalo. Na ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Na ninaungama kwamba nimemdharau dada yangu Raheli moyoni, kwa ajili ya mtoto aliyemzaa bila ndoa akamwacha Musoma, na huku anajiandaa kuvaa shela. Raheli, nisamehe kwa kukuhukumu."

Umeuona ujanja wake? Kwa sauti ilikuwa toba. Hata machozi yalikuwapo, na yalikuwa ya kweli. Ukumbi ukashtuka. Kina mama wakaanza kulia, mtu akaanzisha wimbo, watu wakasimama mmoja baada ya mwingine kuungama mambo mazitomazito ambayo hakuna aliyeyategemea. Nikasema moyoni, ndio huo! Moto umeshuka!

Katikati ya kelele hizo nikamsikia Kimani akimuuliza mama yako kwa sauti ya chini, "Raheli, hii maneno ni ya ukweli?" Mama yako alikuwa ananitazama mimi. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja mpaka shingoni, akachukua mkoba wake, akapanda ngazi kutoka nje. Kimani naye akatoka, kwa mlango mwingine. Niliporudi nyumbani jioni ile nguo za mama yako hazikuwapo. Aliniachia sufuria zote.

Lakini kabla sijarudi nyumbani nilipitia jikoni kwa kanisa, na huko ndiko nilikopigwa fimbo yangu. Alikuwapo Bibi Wegesa, bibi wa muuguzi mmoja wa ushirika wetu, amekuja kutoka Tarime kumtembelea mjukuu. Alikuwa mzee sana, mfupi, amevaa soksi mbilimbili na raba za mjukuu wake. Uamsho tuliousikia kwa kusimuliwa, yeye aliuona kwa macho akiwa binti mdogo. Nilidhani atanipongeza. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akaendelea kukoroga chai. "Ulichokifanya mle ndani kinaitwaje?"

"Kuungama, Bibi."

"Dhambi ya nani?"

"Yangu. Kwamba nilimhukumu mwenzangu."

"Eti yako! Yako umeitaja kwa neno moja, ya mwenzio kwa maneno kumi. Umemshtaki mtu mbele ya mchumba wake, halafu unajiita umetubu."

Nikajitetea. Nikamwambia, Bibi, watu wameamka, umeona mwenyewe walivyolia. Akaweka kijiko chini.

"Hata nyumba ikiungua watu huamka," akasema.

Mwanangu, nimeyasikia mahubiri mengi toka siku hiyo, na hakuna lililonikaa kama sentensi ile. Kisha akanivutia kiti, akanieleza habari za mama yake. Uamsho ulipofika kijijini kwao, mama yake alikuwa na jembe aliloliiba kwa jirani miaka mingi nyuma. Jirani mwenyewe alikuwa mchoyo wa kutupwa, kila mtu alimjua. Mama wa Bibi hakutaja uchoyo wake hata mara moja. Alijitwika lile jembe kichwani mchana kweupe, akapita nalo katikati ya soko watu wakimwona na kumnong'ona, akalirudisha mlangoni kwa mwenyewe na kusema, niliiba.

"Jumapili iliyofuata yule mchoyo alikuja kanisani," akasema Bibi. "Umisheni wa kijiji chetu ulianza na jembe hilo. Wewe leo umemtoa mtu kanisani, na bado unataka kutumwa. Utumwe wapi?"

Unajua desturi yetu: kabla ya Meza ya Bwana tunaoshana miguu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, na mwenye neno na mwenzake haketi mezani mpaka wametengeneza. Bibi akasema, "Alhamisi ya kuoshana miguu inakuja. Miguu yangu hutaigusa, wala ya mwingine yeyote, kabla hujaosha ya Raheli." Akanywa chai yake. Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Mama yako alikuwa amepanga chumba Wheaton. Jumamosi ya kwanza nikachukua beseni letu la bluu, lile la kufulia soksi, nikapanda basi hadi Silver Spring, halafu treni. Ngazi ya umeme ya kituo cha Wheaton ni ndefu mno, unapanda mpaka unasahau ulikotoka, na mimi nimelikumbatia beseni tumboni, watu wananipisha wakidhani nina wazimu. Nikabisha hodi. Nikasikia redio ndani inaongezwa sauti. Nikakaa kwenye ngazi za jengo lile saa mbili nzima, nikarudi na beseni langu kavu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumamosi ya pili nikaenda tena. Akafungua kidogo, mnyororo wa mlango umefungwa. Niliona jicho moja tu na nusu ya mdomo.

"Unataka nini?"

"Nikuoshe miguu, Raheli. Nimekukosea."

"Humu ndani?"

"Popote utakapo."

"Perusi," akasema, taratibu kama anaongea na mgonjwa, "uliponivua nguo palikuwa na watu thelathini. Leo unataka kunivisha chumbani, tukiwa wawili?" Akafunga mlango.

Nikiwa nashuka ile ngazi ndefu ndipo nikalielewa jembe la mama yake Bibi Wegesa. Nilichokivunja hadharani nilikuwa nataka kukitengeneza kwa siri, ili nisipoteze kitu. Nilijua pia bei yake. Nikisimama tena mbele ya watu, Silver Spring ndiyo basi. Nilibishana na Mungu siku nane, nikiogesha wazee wa watu na kuwafunga vifungo, midomo yangu ikisema peke yake. Mgonjwa wangu mmoja akaniuliza nagombana na nani.

Nikaenda kwa mchungaji. Akaniambia, "Dada, watu wameshasahau, usifukue." Nikamjibu, "Hawajasahau, mchungaji. Habari hiyo wanainywea chai." Akanitazama, akanipa nafasi.

Jumapili hiyo nikasimama palepale. Nikasema, "Raheli alinipa siri, nikaapa kuitunza. Niliivunja ili mnisikilize. Yeye hakunikosea lolote. Aliyewadanganya hapa ni mimi, niliyejifanya natubu. Na mtu wa namna hii hafai kutumwa Silver Spring." Nikakaa. Hakuna aliyelia. Hakuna wimbo. Mtu mmoja akakohoa, tukaendelea na matangazo. Kazi ya Silver Spring akapewa dada mwingine, na aliifanya vizuri, na mimi nikachemsha chai katika ukumbi ule miaka minne. Mama yako hakuwapo kusikia. Nilisema kwa watu niliokuwa nimewaambia, basi, na sikujua kama neno litamfikia.

Ikafika Alhamisi. Kina mama tuliketi duara katika chumba cha pembeni, mabeseni katikati, taulo magotini. Wenzangu wakaoshana wawiliwawili na kukumbatiana. Mimi nimekaa na beseni la bluu mbele yangu, maji yanapoa. Mkabala nami Bibi Wegesa amekaa, soksi zake mbilimbili zi miguuni, hakuzivua. Mjukuu wake akamnong'oneza, wengine nao wakamwomba. Akatikisa kichwa. Wote walipomaliza tukabaki sisi wawili tu tumevaa soksi, yule bibi na mimi, na nikaona aibu kwamba mzee wa watu atakosa Meza ya Bwana kwa ajili yangu.

Mlango ukafunguliwa. Mama yako akaingia na sare za kazini, ametoka shifti mbili mfululizo. Hakumsalimu mtu. Akavuta kiti mpaka mbele yangu, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka alama za soksi zimezama kwenye nyama.

"Osha," akasema. "Na usilie. Maji ya kwenye beseni yanatosha."

Nikaosha. Nililia pia, nisikudanganye, na nikacheka humohumo. Nilipokausha kidole cha mwisho tulisimama, maana desturi ni kukumbatiana, naye akanikumbatia kwa mkono mmoja. Ule wa pili nilingoja mwaka mzima. Nilipogeuka, Bibi Wegesa alikuwa ameinama anavua soksi.

Ungependa niishie hapo. Mimi pia. Lakini mama yako amesema nisijipambe. Kimani hakurudi. Baadaye nilisikia alimwambia rafiki yake kwamba mtoto angempokea, alichoshindwa kukimeza ni kuambiwa pamoja na ukumbi mzima, kama mpita njia. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Unaweza kufuta sakafu tu. Wapo watu wema wa ushirika wetu wanaosema, "Lakini angalia, siri ilipotoka Raheli akaacha kujificha, akamleta Neema, Mungu aligeuza ubaya kuwa wema." Ni kweli ulikuja ukiwa na miaka saba, na sweta la bibi yako, na tulikupokea uwanja wa ndege sote wawili tukipiga vigelegele mpaka askari akaja kutazama. Mungu na ageuze anavyopenda. Mimi ile sentensi siitamki. Mama yako angekuleta tu, na angesema kwa maneno yake mwenyewe, aliyokuwa anayatafuta.

Sasa nasaha yangu ni hii, na uibebe hivyohivyo ilivyo. Huko Baltimore utafika na moto, na watu watakuwa baridi, watakuja kwa ajili ya pilau. Usiogope ubaridi wao. Usiwashe moto kwa kuni za nyumba ya mwenzio. Watu watakuletea siri zao kwa sababu wewe ni mtumishi. Ziache zilipo, hata zikikuwasha ulimi, hata zingetoa mahubiri ya kuliza nchi nzima. Ukiungama, ungama ya kwako, na ukiona jina la mtu mwingine linakaribia mdomoni, keti. Na ukikosa, maana utakosa, usitafute kona ya kutubia. Rudi palepale, mbele ya walewale, hata ikikugharimu huduma yenyewe. Huduma iliyopotea hivyo haikukudhuru. Nenda ubishe hodi, na ukifungiwa, nenda tena.

Mungu wa waliokwenda kwa miguu kijiji hadi kijiji akutangulie, binti yangu. Akupe mdomo mzito kwa habari za watu na mwepesi kwa habari zake. Akufungulie milango ya Baltimore, na mmoja ukikataa, akupe nguvu za kupanda ngazi mara ya pili. Wale utakaowapata asikupotee hata mmoja kwa ulimi wako.

Ngoja nikalete maji, yameshapata moto wa kutosha.

Haya. Beseni hili unalijua, umelifulia soksi toka utoto. Mama yako nilimwosha. Wewe je? Nilikutaja mbele za watu thelathini ukiwa na miaka minne, huna habari, unacheza Musoma. Nilikufanya aibu ili ibada yangu ichangamke. Nimekusuka nywele, nimekupikia, nimekufokea, na miaka yote hiyo sijakuomba msamaha. Nimekukosea, Neema. Ukitaka niyaseme haya kesho mbele ya ushirika wote, nitasimama. Ukitaka yabaki humu ndani, yatabaki. Safari hii nauliza kwanza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na magoti yangu, ingawa yanalia, bado yanakunja. Lete mguu, mwanangu.